Silabi ya Pili Kutoka Mwisho

Mimi ndiye niliyemwambia mgeni wa serikali, mbele ya kijiji kizima, kwamba hana utawala. Sikulitamka neno hilo kwa kinywa changu. Nilitumia vinywa vya watoto wa darasa la sita, ambao nilikuwa nimewafundisha majuma kadhaa kulisema kosa langu kwa pamoja, kwa sauti ya juu, wakiwa wamesimama wima. Ninyi vijana mnaoanza ualimu, na ninyi mnaotunga mashairi ya kuimba, nawaomba jambo dogo: mkikosea, koseeni chumbani.

Ilikuwa Busunzu, Kibondo, miaka ile ya sabini ambapo watu walikuwa wamehamia vijiji vipya na wakubwa walipita kuangalia kama tumehamia kweli au tumeweka majembe tu. Mgeni hakuachwa aondoke bila ngonjera. Chai angeweza kuikosa, maana sukari ilikuwa ya kutafuta, lakini ngonjera ilikuwa lazima aisikie mpaka mwisho. Na mtungaji wa ngonjera hapo shuleni nilikuwa mimi, Mwalimu Bukuru, kijana wa Muyama mwenye cheti cha kidato cha nne na imani kubwa mno juu ya cheti hicho.

Ubeti wangu ulianza hivi: *Mgeni wetu karibu, huna uta wala ngao.* Nilimaanisha amekuja kwa amani, hakubeba silaha. Hesabuni wenyewe, mizani nane upande huu na nane upande ule. Kwenye karatasi haukuwa na ila. Lakini kwa namna nilivyowafundisha watoto kuusema, *uta* ukalimeza *wala*, yakawa neno moja. Mgeni akasikia: huna utawala.

Huko nyuma, upande wa kina mama, mtu mmoja aliangua kicheko akakiziba kwa khanga. Mgeni, Mungu amrehemu popote alipo, alikuwa mtu wa subira. Alimwinamia Mwalimu Mkuu akamuuliza kwa upole, "Sasa mwalimu, kama sina utawala, yale mabati ya shule mnamwomba nani?"

Mabati tulipata. Mimi nilipata jina. Kwa muda mrefu nilipopita senta watu walipiga makofi ya salamu, yale makofi ya taratibu ya Kiha, wakaniamkia: "Mwakeye, Utawala."

Mtauliza niliwafundishaje watoto mpaka neno likameza jirani yake. Lawama naipeleka sekondari. Tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza, mzungu mrefu, aliyetufundisha mashairi ya kwao kwa kugonga meza. Silabi moja nyepesi, moja nzito, nyepesi, nzito, mpaka mwisho wa mstari, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Nililipenda jambo hilo kuliko ugali. Nilirudi likizo Muyama nikawa nagonga mlango, nagonga kinu, nagonga mgongo wa mbuzi, mama akadhani shule imeniharibu. Basi nilipopewa ngonjera ya mgeni nikachukua rula nikawagongea watoto vilevile: hu-NA, u-TA, wa-LA, nga-O. Wao wakatii. Mtoto wa Kiha akifundishwa jambo na mwalimu mwenye rula hulishika kama dini.

Kiswahili hakitembei hivyo. Leo najua, na nitawaambia kwa ufupi, kisha nitarudi kwa aliyenifundisha, maana nikianza naye sitafika kwenye somo.

Katika Kiswahili kila neno hubeba mzigo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndio mkazo huo, wengine huuita shadda. Wewe ukiusogeza kwa rula, neno linapoteza mipaka yake. *Uta* mkazo wake ni U. Nilipoupeleka kwenye TA, ile U ikabaki haina nguvu, masikio ya watu yakaendelea mbele kutafuta mzigo uko wapi, na yalipoukosa yakaunganisha kila kitu. Mkazo, vijana, ndio mpaka wa shamba kati ya neno na neno. Ung'oe uone majirani watakavyogombana.

Aliyenifundisha hayo ni mwalimu mwenzangu, Mwanaidi, binti wa Mzee Salehe mwenye duka Kibondo mjini. Baba yake alitoka Pangani zamani na mzigo wa vitambaa, akakuta watu wanamnunulia, akabaki. Mwanaidi alizaliwa hukuhuku milimani. Kiha alikisema kama sisi, na kwa kutania alikisema kuliko sisi. Ila Kiswahili cha nyumbani kwao kilikuwa cha pwani, na kilitoka kinywani mwake kimekwisha nyooshwa kama shati la Idi.

Kesho yake baada ya ngonjera alinikuta barazani mwa ofisi najifanya nasahihisha madaftari. Hakunicheka. Alivuta kigoda akakaa, akaniambia, "Bukuru, toa mikono."

Nikatoa, nikidhani nachapwa.

"Mnaposalimiana nyie mnapiga makofi, sivyo? Haya, nisalimie huo mstari wako. Lakini kofi lako lipige penye uzito tu."

Nikaanza kupiga kila silabi. Akanishika viganja akavizuia. Akapiga yeye, polepole, na mimi nikamfuata: m-GE-ni, WE-tu, ka-RI-bu. Makofi matatu. HU-na, U-ta, WA-la, NGA-o. Makofi manne. Akaniuliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia mizani nane na nane. Akasema hayo niliyajua jana na yakaniangusha. Kilichonipita ni kwamba mizani ni sawa pande zote mbili lakini makofi hayako sawa, na hapo ndipo ubeti unapopata pumzi. Mizani ni ukubwa wa nyumba, makofi ni watu wanaoishi ndani. Nyumba zote za kijiji kipya zimepangwa mstari mmoja kwa kipimo kimoja, alisema, lakini nenda usikilize kila nyumba.

Nilikuwa na umri wa kuoa na mtu alikuwa amenishika viganja. Msinilaumu kama sehemu ya somo ilinipita.

Tangu siku hiyo nilijifunza kwake kwa mwaka na zaidi, na mengi niliyowafundisha watoto wa watu baadaye ni mali yake. Kuhesabu mizani, kwa mfano, alinifundisha niweke kiganja chini ya kidevu. Kila vokali kidevu hushuka na kugusa kiganja, nawe unahesabu. Lakini ukifika kwenye *mtu* au *mlango*, ile m ya mwanzo haina vokali na kidevu hakishuki, bali midomo hufungwa. Ihesabu vilevile. Sisi Waha m hiyo inatusumbua, tunaivisha vokali tusiyoombwa, tunasema *mutu*, *mutoto*. Mwanaidi alisema kosa hilo halina hasara ya mizani, kwa hiyo watoto waachwe waseme *mutoto* mpaka hesabu ikae, kisha vokali wavuliwe taratibu. Wakaguzi hawakupenda. Watoto walifaulu.

Alinifundisha pia kupeleka ubeti bondeni. Shule yetu ilikaa kwenye mgongo wa kilima, na ng'ambo ya bonde palikuwa na kilima kingine chenye mashamba ya maharage. Nusu ya darasa alikuwa anaivusha huko, nusu anaibakiza, kisha anawaambia wasomeane. Kwa umbali ule silabi nyepesi hufa njiani. Zinazofika ni nzito tu. Mtoto wa ng'ambo akiweza kuukisia mstari kwa silabi nzito alizozipata, ujue msomaji ameweka mkazo mahali pake. Akisikia utawala, ujue ni mwanafunzi wa Bukuru. Ndivyo alivyowaambia, mbele yangu.

Siku za ukungu, na Kibondo asubuhi ni ukungu mpaka kamasi zikauke, hatukuwaona watoto wa ng'ambo kabisa. Zilikuja sauti tu. Mwanaidi alisimama pembeni amejifunga sweta la kaka yake, ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, anasikiliza. Nimesahau sura za wakaguzi wote walionipitia, nimesahau hata nambari ya cheti changu nilichokuwa nakiringia. Kile kichwa kilichoinama sijakisahau.

Kuta za madarasa yetu hazikufika juu kwenye bati. Nikiwa upande wa pili nafundisha hesabu, nilimsikia anawasomea watoto wake, na watoto wangu walijua kwamba saa hiyo mwalimu akiuliza saba mara nane jibu lolote atalikubali.

Tulitungiana pia, kwa kujibizana. Wakati wa kusahihisha nilikuwa naacha mstari mmoja hewani, yeye anaukamata. Siku moja ya baridi kali nikajikaza nikasema, *Baridi ya milimani, yataka mwenye blanketi.* Nilijiona jabali. Hakuinua hata macho kwenye madaftari. Akajibu, *Mwenye nalo yuko ndani, na mlango haupiti.*

Vina vimekaa, mizani imetimia, na mimi nimekaa.

Alikuwa amenijua. Vijana, mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Muyama kwenda Busunzu kwangu ilikuwa kama kwenda kusoma Ulaya. Mwezi wa kwanza nililala na udongo wa kwetu kwenye kitambaa, mama aliuweka, nami sikuutoa. Ikija safari ya walimu ya Kigoma mjini, niliumwa tumbo. Mwanaidi aliwahi kunifundishia mkazo kwa tabia yangu hiyo. Alisema, sema *pika*. Mkazo uko PI. Ongeza, *pikia*, umehamia KI. Ongeza tena, *pikiana*, umehamia A. *Pikianeni*, uko NE. Unaona? Mkazo hauna kijiji. Ukiongezewa mtu unasogea kumpisha, unakwenda naye. Kisha akanitazama, akasema, "Wewe ukiongezewa mtu utasogea kweli?"

Nikacheka. Nilidhani ni mfano wa sarufi.

Hapa nataka kusema neno kwa ninyi mnaoimba na mdundo wa mashine. Mjukuu wa dada yangu amenisikilizisha nyimbo zenu kwenye simu. Sina ugomvi na mdundo, hata sisi tulikuwa na ngoma. Lakini nasikia mnamvuta *mapenzi* mpaka anaitwa *mapenZI*, na *rafiki* amekuwa *RAfiki* kama jina la mbwa. Mnafanya kwa makusudi? Basi fanyeni, mtu anayevuka mpaka akijua ni mpaka huyo ni msanii. Asiyejua ni mimi na rula yangu. Na jambo jingine la bure: kile kina mnachokipigania mwisho wa mstari kimekaa kwenye silabi nyepesi. Nzito iko nyuma yake hatua moja. Mtu akisoma kwa kupiga kelele kwenye kina anamvika mtoto koti la baba. Weka uzito pale kabla ya mwisho, kisha acha kina kidondoke chenyewe.

Sasa nisogee nilipokuwa napakwepa.

Mzee Salehe alianza kulalamika magoti. Baridi, alisema, na duka lenyewe rafu zilikuwa zimebaki na viberiti na nili ya kufulia. Akaamua kurudi Pangani na jamaa yake yote, na Mwanaidi, ambaye hakuwa binti wa kuachwa peke yake milimani, akaomba uhamisho akapewa. Nilizisikia habari hizo kwa Mwalimu Mkuu. Yeye Mwanaidi hakuniambia. Alikuja tu barazani siku hiyo akasahihisha madaftari bila kukamata mistari yangu, na mimi niliacha mitatu hewani, yote ikaanguka chini.

Nikajua ninachotaka. Siwezi kusema sikujua. Nilitaka kwenda kwa Mzee Salehe, na dini yangu na yake zikae chini zizungumze, na kama jibu ni kwamba nihame, nihame. Kwa mtu kama mimi hilo halikuwa wazo dogo. Nililifikiria mpaka maharage yakaungua, mara mbili kwa juma moja.

Siku ya lori lao kuondoka nilipanda baiskeli ya shule nikaenda Kibondo mjini. Walikuwa wamekwisha pakia. Masanduku, mitungi, cherehani, kuku kwenye tenga, na Mzee Salehe amekaa mbele na dereva amejifunga blanketi magotini. Mwanaidi alikuwa bado chini, upande wa nyuma wa lori, anakaza kamba ambayo ilikwisha kazwa. Niliegemeza baiskeli. Nilikuwa nimetunga ubeti mzima njiani, wa mizani kumi na sita kila mstari, na nilipomwona ukatoka kichwani wote kama maji kwenye chujio. Nikasema kwa nathari, kama mtu anayeuliza bei.

"Mwanaidi. Nikija Pangani kumwona mzee, utaonaje?"

Alikaza ile kamba mara moja zaidi. Kisha akanitazama usoni akasema neno moja.

"Barabara."

Akapanda. Lori likawaka, likatoa moshi, likashika njia ya Kasulu. Nikabaki na baiskeli.

Vijana, nisikilizeni hapa kuliko mahali pengine. Mbele yangu palikuwa na barabara, nyekundu, imelowa, inapanda kilima. Mimi nimemuuliza mtu kama nije kwao, naye ananiambia barabara. Nikaelewa ninavyoelewa mimi: hiyo njia hapo, shika zako. Na msidhani sikusikia mkazo. Nilisikia vizuri sana. Alisema ba-RA-ba-ra, uzito kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Mimi mwanafunzi mwema, niliyekariri kwamba mkazo ni wa pili kutoka mwisho, nikamsahihisha kichwani. Nikajisemea, maskini, leo hata Mwanaidi mkazo umemponyoka, alitaka kusema ba-ra-BA-ra. Ni baridi, au ni machozi. Nikamhurumia kwa kukosea. Kisha nikapanda baiskeli nikarudi Busunzu.

Mwaka huo nikaomba uhamisho wa kwenda Muyama, nyumbani. Nikapewa haraka, maana hakuna aliyekuwa akigombania Muyama.

Kama mavuno mawili yakapita. Nilikuwa na darasa langu, makofi yangu, kidevu changu, na bonde, maana Muyama mabonde hatukosi. Akaja mkaguzi wa shule, mtu wa pwani mwenye kofia ya lasi, mpole. Nikampangia watoto wakamsomea ubeti kutoka ng'ambo ya bonde. Mstari wa kwanza ukafika, silabi nzito zote zimekaa. Mstari wa pili ukafika. Mkaguzi akafumba macho, akatikisa kichwa kwa raha, akanipiga begani.

"Barabara, mwalimu. Barabara kabisa."

Ba-RA-ba-ra. Nikamuuliza, barabara ipi, ndugu mkaguzi? Nadhani alidhani namtania. Akasema, barabara, yaani ndivyo hasa, vizuri, sawasawa. Huku hamsemi hivyo? Ile ya kupita magari ni ba-ra-BA-ra, akasema, lakini hii nyingine ina ukaidi wake, mkazo wake umerudi nyuma hatua moja. Yako machache ya namna hiyo. Akanitolea na *walakini*, kwamba ukikaza LA ni kiunganishi na ukikaza KI ni dosari. Akaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi zenye umande na suruali yangu ya wageni, watoto ng'ambo ya bonde wanasubiri ishara ya mstari wa tatu, na ishara haikuja.

Hakuwa amenionyesha njia. Alikuwa ameniambia ndiyo. Na alikuwa amenijibu kwa neno ambalo hakuwahi kunifundisha, labda akidhani lile halina haja ya kufundishwa.

Nilifanya nini? Nilisafiri, msinidharau. Nilipanga nguo kwenye sanduku, nikamwachia mama funguo, nikadandia gari la muhogo mpaka Kasulu. Pale mjini alikuwepo jamaa yao, Mzee Athumani, mwenye duka la sabuni na mafuta ya taa. Nikaingia, nikaamkia, nikanunua kiberiti nisichokihitaji, kisha nikauliza habari za Pangani kwa jumla. Mzee Athumani hakuwa mtu wa jumla. Akasema, "Mwanaidi anafundisha hukohuko. Wamekuja watu wawili kumposa, kawarudisha wote. Baba yake anauliza anamngoja nani, hasemi." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ndio yule mwalimu wa makofi?"

Nikasema ndiyo.

Akanieleza safari. Lori mpaka Kigoma, halafu treni siku mbili mpaka Dar es Salaam, halafu basi mpaka Tanga, halafu chombo chochote mpaka Pangani. Alinieleza kwa wema, kama mtu anayemwelekeza mgeni msalani. Nikatoka nikaenda kusimama lori linapopakia. Utingo akaniuliza Kigoma? Nikamwambia ngoja kidogo. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Muyama, na nikakumbuka nimeacha maharage yameanikwa uani. Mama hawezi kuyabeba peke yake. Mvua ikiyapata yataota. Nikajiambia nirudi niyaingize, nivune na yaliyobaki shambani, kisha niondoke vizuri kama mtu mzima, na zawadi, na shati jipya. Mtu aliyengoja mavuno mawili hashindwi kungoja wiki tatu.

Maharage yalikuwa yamekwisha ingizwa. Mama alikuwa ameyabeba peke yake. Wiki tatu zikawa msimu, maana kulikuwa na palizi, kisha mitihani, kisha bati la jikoni likatoboka. Siku niliyokwenda tena Kasulu na shati jipya, Mzee Athumani alinikaribisha kiti kabla hajanisalimia. Nikajua. Mwanaidi alikuwa ameolewa na mwalimu mwenziwe wa huko.

Akanipa soda iliyokuwa ya mwisho dukani kwake. Nikainywa yote.

Sikuoa. Nimelea watoto wa dada zangu, na nimefundisha mkazo mpaka nikastaafu. Kila mwaka, kila darasa, kabla ya kanuni nilianza na neno linaloikataa kanuni. Niliandika ubaoni *barabara*, nikawasomesha mara mbili, kwa makofi, mpaka hata yule wa mwisho kabisa darasani aliyajua yote mawili. Mkuu mmoja wa shule aliniuliza kwa nini naanza na ngumu. Nikamwambia rahisi haijawahi kumuumiza mtu. Siku za ukungu bado natoka nje asubuhi, na kutoka ng'ambo ya bonde watu wanaitana kwenda shambani, na siyasikii maneno, nasikia silabi nzito tu. Huwa nasimama mpaka zikome. Mtu akiniuliza nangoja nini, nasema nasikiliza hali ya hewa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni huu. Jifunzeni mkazo. Jifunzeni na maneno yale machache yenye ukaidi, na yajueni kabla hamjaenda kuegemeza baiskeli kwenye lori la mtu. Silabi moja, hatua moja tu nyuma, inatosha kumfanya mtu akae peke yake uzee wote.

Hapo ndipo nilipokusudia kumalizia, na niliona nimemaliza vizuri. Juzi jioni nikayasoma yote kwa sauti kwa jirani yangu Mama Spesioza, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakalima hapa mpaka wakawa watu wa hapa, na sasa migomba yake na yangu haina mpaka. Alikuwa anapukuchua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, nami nikadhani nimemgusa. Akaniomba niliseme lile neno tena kwa njia zote mbili. Nikalisema, na makofi nikampigia. Akapepeta ungo, akapuliza makapi, akasema:

"Mwalimu, acha kuusingizia mkazo. Hata angekwambia ndiyo kwa Kiha, usingekwenda. Chumvi yenyewe nakununulia mimi."